Majina ya Hadithi Tuliyoyaazima Uskoti

Ninyi mnaoikalia sasa ile meza ya dirishani mmeniuliza kwa simu mara kadhaa kile kitabu chenye gamba la kijani kinafanya nini kwenye rafu ya kamusi, na kwa nini hadithi zetu nyingi za zamani zina majina yenye milima, ng'ombe na mito baridi ilhali waliozitunga ni wasusi na walinzi wa Yeoville, hapahapa Johannesburg. Kila mara nimejibu, "Nitawaeleza." Sasa nimestaafu, magoti yangu yamezikataa zile ngazi, na kisingizio kimeniishia. Nawaeleza.

Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilikuwa viwili tu ofisini, bosi na sisi wengine. Mshahara nao ulikuwa na haya, haukupenda kutajwa mbele za watu.

Nilianza kazi pale mwaka 2015. Kabla ya hapo nilikuwa nimefundisha shule ya msingi Ujiji, nikaolewa, nikamfuata mume Johannesburg, akafariki, nikabaki. Kwa miaka mingi nilizunguka katika maduka ya kuchapa nikisahihisha matangazo ya makanisa, ya misikiti na ya waganga. Kwa hiyo nilipopanda ngazi zile mara ya kwanza sikuwa mgeni wa wino. Nilikuwa nimechoka tayari, na nilidhani nimepata mahali pa kuchokea nikiwa nimeketi.

Bosi alikuwa Bwana Deo, Mrundi, mwalimu wa zamani wa Bujumbura, mtu mrefu aliyevaa tai hata siku umeme umekatika na hakuna mtu anayemwona. Alikuwa na wazo moja maishani. Mwanamke akisukwa nywele anakaa kitini nusu siku, anasoma nini? Ndipo akaanzisha vile vijitabu vyembamba vya hadithi, vya kuuzwa saluni, kwa mafundi cherehani, Mayfair kwenye maduka ya jirani na msikiti, mpaka kwenye spaza, vile viduka vya mitaani, za Diepsloot. Waandishi walikuwa wateja haohao. Mtu akisoma kimoja, wiki ijayo analeta chake.

Siku ya kwanza alinisukumia rundo la miswada. "Dada Rehema, usisome hadithi. Soma majina tu."

Nikasoma. Machozi. Machozi Yangu. Machozi ya Mama. Maisha ni Vita. Maisha ni Safari. Safari ya Machozi.

"Bon," akasema. "Sasa niambie, ipi ni ya yule fundi aliyeletewa suti yake mwenyewe iliyoibwa, aipunguze kiuno?"

Sikujua.

"Basi na mteja hajui. Kazi yako ni hiyo."

Nilijaribu wiki nzima kubuni majina kutoka kichwani, na nikagundua kwamba kichwani mwangu pia mlikuwa na machozi na safari tu. Aliyeniokoa alikuwa Mama Elspeth.

Huyu alikuwa bibi wa Kizungu aliyeishi ghorofa ya juu yetu, mzaliwa wa jiji hilihili, babu zake watu wa Uskoti. Maisha yake yote alisahihisha magazeti. Majirani zake wa zamani walikuwa wamehama Yeoville mmoja mmoja. Yeye alisema kufunga vitu kwenye maboksi kunachosha kuliko kubaki. Siku moja alishuka kulalamikia kelele za mashine yetu, akakuta kurasa mezani, akavuta kalamu sikioni mwa Bwana Deo na kuanza kuonyesha mahali mistari ilipokaa vibaya. Kiswahili hakukijua. Alisema ukurasa mbaya unaonekana kwa lugha yoyote, kama mtu aliyevaa shati ndani nje. Tangu siku hiyo alishuka kila asubuhi, na malalamiko ya kelele hatukuyasikia tena.

Nilipomweleza shida yangu ya majina alipanda kwake na kurudi na kitabu cha kijani. Kilikuwa mkusanyiko wa mashairi ya kale ya Uskoti, mengi yasiyo na jina la mtunzi, yaliyoimbwa muda mrefu kabla ya mtu kuyaandika.

"Watu hawa waliishi milimani," alisema. "Waliibiana ng'ombe, waliogopa mito, walizika vijana wao, na hawakupenda kusema sana."

Bwana Deo, aliyekuwa akipigana na mashine, akageuka. "Mama, hiyo ni Uskoti au ni kwetu?"

"Halafu wamekufa wote," Mama Elspeth akaendelea. "Hakuna atakayekuja kudai."

Hapo bosi aliiacha mashine kabisa.

Sasa niwaeleze namna ya kufanya, kwa sababu mmeniambia mmejaribu na mkatoka na majina ya ajabu. Kwanza soma hadithi mara mbili, uiweke mbali. Sema kwa sentensi moja mtu wa hadithi hiyo anataka nini, bila kutaja jina lake wala mji wake. Anataka kurudishiwa kitu kilichokuwa chake. Anataka mtu aliyeondoka ajue kwamba yeye bado yupo. Ukishaipata sentensi hiyo, ndipo ufungue kitabu cha kijani na kutafuta shairi ambalo ndani yake kuna mtu anayetaka jambo hilohilo. Msitafute hadithi inayofanana, mtachoka bure. Tafuteni hamu inayofanana. Mkiipata, msichukue mstari mzima. Chukueni kitu kimoja kinachoshikika, mlango, ufunguo, kondoo, na kitendo kimoja. Kisha kisemeni kwa Kiswahili kwa sauti, redio ikiwa inapiga, kwa sababu saluni ndivyo zilivyo. Kama jina halisikiki juu ya redio, halifai.

Lugha ya mashairi yale isiwatishe. Mimi nilijua Kiingereza cha shule, na mle ndani hata kijito na mteremko havikuitwa nilivyofundishwa. Nyuma ya kitabu kuna orodha ya maneno. Itumieni bila aibu. Mama Elspeth mwenyewe aliitumia, kisha akajifanya alikuwa anatafuta miwani.

Mkipata muda someni "Funguo za Nyumba Tupu." Iliandikwa na mlinzi mmoja kutoka Lubumbashi aliyelinda jumba la matajiri huko kaskazini mwa jiji. Wenye nyumba walihamia ng'ambo wakamsahau, naye akaendelea kufagia majani kila asubuhi. Yeye aliiita Maisha ni Mateso. Mimi nilikuta shairi la mtumishi wa ngome ambaye bwana wake alikwenda vitani, akabaki anawasha moto katika vyumba visivyo na watu. Nikachukua funguo, nikaacha ngome. Wasusi waliniambia wateja walikuwa wakiliona jina lile kwenye kioo na kusema, "Hebu nipe hicho."

Makosa nayo yalikuwepo. Mtanzania mmoja mwenye duka Diepsloot aliandika hadithi ya mapenzi, mimi nikampa jina lenye mto. Akanipigia simu. "Bi Rehema, huku Diepsloot mto uko wapi? Kuna maji machafu tu yanakatiza njiani." Nikamwomba radhi. Baada ya mwezi akapiga tena: usibadilishe, wateja wananiuliza habari za ule mto na nimeshaanza kuwasimulia. Jina lingine nililiwekea theluji. Hilo lilikufa. Baridi ya hapa ya Juni kila mtu anaijua, lakini theluji ilikuwa ya Waskoti peke yao, waacheni nayo.

Jambo moja la mwisho kuhusu utaratibu wetu, na hili lishikeni kwa sababu ndilo lililoleta habari ninayotaka kuwasimulia. Bwana Deo alikuwa na sheria kwamba mwandishi halioni jina jipya mpaka tangazo limebandikwa. Alisema ukimwonyesha mapema ataanza kuombea machozi yake, na ni kweli, waliyaombea. Kwa hiyo tulichapa karatasi ya rangi yenye jina la hadithi kwa herufi kubwa, jina la mwandishi chini yake, na neno "Inakuja," tukaibandika kwenye saluni za Yeoville. Mwandishi aliiona pamoja na watu wengine.

Mwaka 2018 tulipata hadithi ya Furaha.

Furaha alikuwa msusi, mzaliwa wa Uvira, Kongo, mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, mwenye mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Aliandika kwenye simu kati ya mteja na mteja, akanitumia vipande vipande. Ilikuwa habari ya kaka yake Amani. Wakati wa vita kijana huyo alipandisha ng'ombe wa familia kwenye milima iliyo juu ya mji. Baada ya siku chache ng'ombe walirudi wenyewe. Yeye hakurudi. Miaka ilikuwa imepita mingi, na mama yao bado alikuwa akitandika kitanda chake. Hadithi ilimalizika msichana anapofunga zizi jioni na kuacha mti mmoja wa mlangoni bila kuusukuma mpaka mwisho.

Nilisoma, nikaweka chini, nikaenda kusimama dirishani. Miswada niliyosoma katika kazi hii siwezi kuihesabu. Huo ulikuwa bora kuliko yote.

"Jina mutafute nyinyi, Maman," Furaha aliniambia. "Mimi nimeshindwa."

Sikupata shida. Kitabu cha kijani kilikuwa na shairi fupi la dada ambaye kaka yake alifuata ng'ombe mlimani. Haelezi kilichotokea. Anakisema kilima kama mtu anavyomsema jirani aliyechukua kitu na kukaa nacho. Nikaandika: "Kilima Kimemchukua." Mama Elspeth, nilipomtafsiria kwa simu, aliniomba nirudie. Bwana Deo alisema, "Voilà," akachapa tangazo mchana uleule.

Kesho yake saa sita Furaha alipanda ngazi na glavu za kupakia dawa mikononi, chanuo kikiwa kimechomekwa kichwani mwake mwenyewe.

"Maman, batu banakuya salon tangu asubuhi. Bananipa pole. Nauliza, pole ya nini? Banasema, si kaka yako, tumesoma pale mlangoni. Mama mumoja wa Uvira ameniletea sukari. Sukari, Maman! Ya kilio!"

Bwana Deo akasimama, akainyoosha tai. "Furaha, tulia. Ni jina la hadithi tu."

"Ya nani? Jina langu si liko chini yake?"

"Lakini hadithi yako mwenyewe inasema hakurudi."

"Kutorudi ni kutorudi, Papa Deo. Kufa ni kufa. Umeona wapi nimeandika kufa?"

Alikuwa na haki. Hakuandika mahali popote. Nikampa kiti, akakataa, nikakaa mimi. Ndipo akatueleza, na sauti ilikuwa imeshuka. Kwao, mtu aliyepotea bila mwili kuonekana hafi mpaka mtu aseme amekufa. Na mtu wa kwanza katika ukoo kulisema, huyo ndiye anayehesabiwa kuwa amemuua kwa mdomo. Kwa hiyo miaka yote hiyo hakuna aliyesema. Wajomba walikaa kimya. Baba alikufa mwenyewe bila kusema. Mama hakuweka matanga, hakunyoa nywele, hakuruhusu kitanda kitolewe. Na sasa jina la Furaha lilikuwa limebandikwa kwenye mlango wa kila saluni, chini ya maneno yale.

"Mtu atapiga picha atume Uvira," alisema. "Mama atasikia ni mimi. Binti yake. Ndiye nimemumaliza Amani."

Hakulia. Alivua glavu moja, akaivaa tena. "Nipeni hadithi yangu. Sitaki itoke kabisa."

Bwana Deo alitazama mashine, akanitazama mimi. Alikuwa bosi, lakini alikuwa Mrundi pia, na mambo ya watu waliopotea hakuhitaji kufundishwa. "Dada Rehema," alisema polepole, "nenda naye mkayabandue."

Tuliyabandua mlango hadi mlango. Gundi ya Bwana Deo ilikuwa kitu pekee ofisini kilichofanya kazi bila kulalamika. Tulikwangua kwa kucha na kwa chanuo la Furaha. Fundi mmoja wa suti karibu na robot, zile taa za barabarani, akatuuliza kama biashara imefungwa. Furaha akamjibu, "Eish, Papa, shona tu." Tulipofika saluni ya mwisho msichana aliyekuwa akisukwa alituambia kwa Kiingereza, kwa upole kabisa, kwamba ameshaipiga picha na kumtumia mama yake, kwa kuwa hadithi ilionekana nzuri.

Nilimwomba Furaha jambo moja. Asiichukue hadithi mpaka nimtafutie jina jingine. Lisimpendeze, ataondoka nayo.

Wakati huo Mama Elspeth alikuwa ameshindwa na ngazi kabla yangu na kuhamia nyumba ya wazee upande wa mashariki. Nilipanda teksi mbili kumfikia. Tulikaa uani na kitabu kati yetu, yeye akisoma kwa sauti, mimi nikimsimamisha. Macho yangu yalikuwa yakitoa machozi ya uchovu, ambayo ni aina ya machozi isiyoandikiwa hadithi. Mashairi mengi yalikuwa yakijua sana. Yalijua nani amekufa na nani amemuua. Tulikuwa tunatafuta moja lisilojua.

"Soma sentensi yako tena," aliniambia. "Huyo msichana anataka nini?"

"Anataka asiwe yeye wa kusema."

Akarudisha kurasa nyuma. Kulikuwa na shairi la watu wanaotazama mteremko jioni, wakiona wanyama wanashuka, wakiwahesabu, na wimbo unaishia hapo, bado wanatazama. Niliandika: "Ng'ombe Wamerudi Peke Yao."

Jina lile lilikuwa safi. Lilisema kilichoonekana na kufunga mdomo. Nililipeleka saluni jioni hiyohiyo. Furaha aliliangalia kwenye kioo, karatasi imepinduka, kisha akaichukua mkononi na kuisoma vizuri.

"Hii ndiyo," alisema. "Hii hata mama anaweza kuisoma."

Nikafikiri kazi imekwisha. Nilikuwa nimeshika mkoba niondoke simu yake ilipoita, na nilijua kwa jinsi alivyoiangalia kwamba ilikuwa Uvira.

Aliiweka mezani kati ya vitana na kuifungulia sauti. Mteja kitini akatazama sakafu.

"Furaha."

"Nasikia, mama."

"Nimesomewa ile karatasi." Sauti ilikuwa ya mwanamke mzee, kavu, bila haraka. "Ni nani ameandika ile jina?"

Furaha alinisukumia simu. Nikainama kwenye simu.

"Shikamoo, mama. Naitwa Rehema, nafanya kazi ya vitabu. Furaha hakuliandika. Hakuliona hata. Tumelitoa kwenye shairi la zamani, na tumeshalibadilisha."

"Ngoja, mama. Huyo wa shairi ni mutu wa kwetu?"

"Hapana. Ni mtu wa Uskoti. Ni mbali, Ulaya, nchi ya baridi. Alikufa zamani sana, hata jina lake halijulikani."

"Anamujua mutoto wangu?"

"Hamjui, mama."

"Sasa amejuaje?"

Nimefundisha watoto wa darasa la kwanza, nimeulizwa maswali ya kila namna, lakini si lile. Nikasema kitu pekee nilichokuwa na hakika nacho. "Kwao nako kuna milima, mama. Na ng'ombe."

Tulisikia jogoo, na mtu akisogeza sufuria.

"Basi ni yeye amesema," mama akasema. "Siye hatukusema."

"Mama," Furaha akaanza.

"Nyamaza, binti yangu. Unafikiri mimi nilikuwa nangojea nini miaka yote? Nimetandika ile kitanda mpaka mugongo umeisha. Nilingojea mutu aseme. Wajomba yako bananiangalia, mimi nabaangalia. Kila mutu anaogopa. Mama hawezi kuanza. Sasa mutu wa mbali amesema, na yeye iko kufa, hakuna kitu kitamufanya." Akavuta pumzi. "Lakini kifo hakisemwi kwa karatasi. Kinasemwa kwa mudomo, mbele ya batu. Huyo muzungu, iko na ndugu huko?"

Furaha akanitazama. Nikamtazama Furaha.

"Ana ndugu mmoja," nikasema.

Kumweleza Mama Elspeth kulichukua chai mbili. Hakucheka hata mara moja, na nilikuwa nimejiandaa acheke.

"Rehema, mimi si mtu wa ibada," alisema mwisho. "Na lafudhi yangu ni ya Johannesburg. Babu yangu angeziba masikio."

"Hakuna atakayeijua lafudhi."

"Nivae nini?"

Jumamosi ile Furaha hakupokea wateja. Vikaushio vya nywele vilisukumwa ukutani, viti vikatolewa nje, mikeka ikatandikwa. Wanawake wa Uvira walikuja na wengine wasio wa Uvira. Bwana Deo alikaa mlangoni na wanaume, tai imekazwa. Mama Elspeth alifika kwa teksi ndogo, amevaa koti jeusi, amebeba kitabu cha kijani na kopo la biskuti, maana hakujua kwetu msibani watu hupeleka nini. Mwanamke mmoja akainuka kumpokea.

"Karibu, shangazi."

Nikamtafsiria. Akaniuliza kwa sauti ya chini shangazi ya nani. Nikamwambia, ya huyu kijana. Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyekabidhiwa mzigo na kuupima. Tukamwachia kiti kimoja, kwa ajili ya magoti, lakini ulipofika wakati alisimama.

Furaha alikuwa ameketi mkekani na simu wazi mapajani. Alisema, "Mama, ameanza." Mama Elspeth akafungua kitabu na kusoma lile shairi la dada, lile la kwanza, kwa ile lugha ya milima ambayo mle ndani hakuna mtu aliyeielewa hata neno moja, mimi nikiwemo bila ile orodha ya nyuma. Alisoma polepole, akitulia mwisho wa kila mstari kama alivyonifundisha kutulia. Shairi ni fupi. Alipomaliza hakuna aliyejua kwamba amemaliza. Ilibidi afunge kitabu.

Furaha akakifungua kilemba chake, akakiweka sakafuni. Akainamia simu.

"Mama. Amesema."

Kisha ikaja sauti ya mama yake, moja, ndefu, na mara ikafunikwa na sauti za wanawake wengi ambao kumbe walikuwa wameketi naye huko Uvira tangu asubuhi, wakingoja.